Kwa Nini Wachezaji wa Visahani Hawatoki Kirewa

Basi mmeniuliza sana, na kila mmoja nimemjibu kulingana na muda aliokaa kwenye kiti changu cha kusukia. Aliyekuja kusuka rasta alipata safari nzima mpaka mvua ya Mwello. Aliyekuja kupaka mafuta tu alipata robo, na hiyo robo akaenda kuisimulia vibaya sokoni. Hiyo si haki. Naandika ili wote mpate sawa. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilipokosea mnisahihishe kwa upole, na nilipozidisha mwulizeni Barasa. Yeye naye huzidisha. Mkigawanya katikati mtapata ukweli.

Kwa wasiocheza, mchezo wetu wa visahani ni huu: kuna kikapu cha chuma kimesimama kwenye mguu wake, juu kimening'inizwa minyororo. Unasimama mbali, unarusha kisahani. Kikiangukia njiani unakifuata, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kigonge minyororo na kutumbukia. Halafu unakwenda kikapu kinachofuata. Mwenye mitupo michache ndiye bingwa. Mimi sijawahi kuwa bingwa.

Uwanja wetu uko Sikuda, kwenye shamba la rafiki yangu Nabwire, ambaye alifiwa na mume. Vikapu vyetu ni rimu za baiskeli zilizochomelewa, na minyororo ni ya baiskeli hizohizo. Uwanja ni safi kuliko nyumba yangu. Nyasi zimefyekwa, hakuna mti wa kukuziba, hakuna kichaka cha kumeza kisahani. Hakuna na watu pia. Mwanzo walikuja wengi, kisha wakapungua, tukawa tunaambiwa tu: fulani yuko Kirewa, na fulani naye Kirewa. Mbali kote huko!

Sasa Ouma, ndugu wa marehemu mume wa Nabwire, alikuwa ametangaza kwamba mvua ikishika analima muhogo pale. "Uwanja bila watu ni shamba limelala tu," alisema. Lazima niseme kwa haki, hakukosea. Shamba ni la ukoo, na muhogo unalika, kisahani hakiliki. Lakini tangu msiba, ni ule uwanja uliomtoa Nabwire ndani ya nyumba. Aliniambia, "Nafula, wakilima hapa, mimi nitabaki kutazama muhogo ukikua mpaka nife." Akanituma nikaone wenzetu wana nini ambacho sisi hatuna, nirudi kabla ya mvua.

Nilichaguliwa mimi kwa sababu eti sina upendeleo. Nadhani ni kwa sababu sina shabaha. Mtu asiye na shabaha huuona uwanja wote, hata pembe ambazo wenzake hawajawahi kufika.

Busia, hatujaondoka na tumeshachelewa

Barasa alikuja na pikipiki yake kutoka upande wa Kenya. Ni kijana wa kuendesha boda, anacheza visahani vizuri, na anajua kwamba anacheza vizuri. Alikuwa na begi lenye visahani vyake vyote mgongoni. Pale mpakani nilikomsubiri, askari mmoja akataka kuona ndani.

"Sahani hizi mnapeleka harusi gani?"

"Si za kulia, afande. Ni za kurusha."

"Mnarusha sahani?" Askari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmeshiba nini nyinyi?"

Akachukua kimoja, akakigeuza, akakiweka juu ya kiganja kama mtu anayesubiri kupakuliwa. "Hii mchuzi haikai," akasema.

"Haikutengenezwa kwa mchuzi, afande."

"Ndiyo nasema. Imeharibika."

Mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa nyuma yetu akauliza bei. Alitaka vya kuanikia. Tukaeleza. Tulivyozidi kueleza ndivyo watu walivyozidi kusimama. Mwisho Barasa akaona aonyeshe tu. Nilimwambia aonyeshe kidogo. Barasa hana kidogo. Alizunguka, akaachia, kile kisahani cha manjano kikapanda juu ya malori yaliyopanga foleni, kikapinda taratibu kama kinachungulia, kikaenda kutua Kenya.

Watu walipiga makofi. Kisahani kilikuwa kimevuka mpaka bila kuulizwa lolote. Barasa yeye aliulizwa sana alipokwenda kukifuata, na alipokuwa anarudi akaulizwa upya. Mimi nilikaa na mama wa dagaa tukala muhogo wa kukaanga na pilipili. Jua lilipofika utosini ndipo tukaondoka, nami nikawa nimeshaanza kujiuliza kama mtu wa kutumwa kazi hii ni mimi kweli.

Tororo, chini ya mwamba

Naanza na sifa, maana wanastahili. Uwanja wa Tororo uko kwenye nyumba moja ya wageni, chini ya ule mwamba mkubwa, na ni mzuri mpaka unaogopa kukanyaga. Vikapu vimeletwa kutoka mbali, vinang'aa. Na minyororo yake! Ya kwetu ikigongwa inasema *kwachu*, kama baiskeli imeangukia ukuta. Ya kule inaimba. Barasa alipotumbukiza cha kwanza alikitoa akakitumbukiza tena, na tena.

"Sista, skia hiyo! Skia! Hii ni muziki, walai."

"Tuliosubiri nyuma yako tunasikia," akasema bwana mmoja.

Halafu kuna ile sehemu ya kuanzia, iko juu kwenye mteremko. Ukirusha kutoka pale, kisahani kinakaa angani muda mrefu hivi kwamba unaweza kutubu dhambi ndogondogo kabla hakijatua. Hata mimi nilirusha mbali. Mimi! Nilipiga kelele ambayo sitaki kuielezea. Nikaelewa jambo la kwanza: watu hupenda uwanja unaowafanya waonekane wana nguvu kuliko walizonazo.

Nikafurahi, kisha nikakaa kwenye jiwe nikahuzunika. Sikuda ni tambarare kama chapati. Mwamba nitauotesha wapi? Na minyororo ya kuimba hatuna fedha yake.

Lakini niliangalia kitu kingine pia, sijui kama nilikiona sawasawa. Watu walicheza, wakafurahi, wakapanda pikipiki zao wakaondoka. Nilipomuuliza yule bwana anacheza wapi siku ya mapumziko, alicheka. "Hapa naleta wageni," alisema. "Siku yangu mwenyewe naenda Kirewa."

Mwello, tunadhaniwa wapima ardhi

Mvua ya kwanza ilitukuta njiani kwenda Mwello. Haikuwa kubwa, ila ilinikaa rohoni, maana niliahidi kurudi kabla yake. Tulijibanza kwenye duka tukanywa chai ya tangawizi mpaka ikapita. Tulipouliza uwanja wa visahani ulipo, mwenye duka alituonyesha mashamba ya mpunga na miti ya mikalitusi, akasema, "Pale pale tu."

Pale pale hapakuwa na kikapu hata kimoja. Baadaye tulijua huwa wanavihamisha wakati wa kupanda mpunga. Lakini wakati ule tuliona vijia vilivyokanyagwa, tukavifuata, na Barasa akaanza kupima kwa hatua: kutoka mti huu mpaka ule ni mtupo mmoja, kutoka ule mpaka tuta ni miwili. Mimi nikawa nafunga jicho moja nikitazama kati ya miti, naandika pembeni ya gazeti.

Niambieni nyinyi: watu wawili wageni wanatembea shambani mwa watu, mmoja anahesabu hatua, mwingine anachungulia na kuandika. Mngefikiri nini?

Kwanza akaja mama mmoja na jembe. Akafuata mzee na panga, lakini alikuwa analishika tu, halikuwa na ubaya. Kisha wakaja wengi. Mwisho akaja mwenyekiti wa kijiji, amevaa koti juu ya fulana, na watu wakampisha.

"Madam," akaniambia, "nyinyi natoka ofisi gani?"

"Hatutoki ofisi, mwenyekiti. Mimi ni msusi."

"Msusi napima ardhi?"

"Anasema anasuka miti!" mtu akapiga kelele nyuma, wakacheka, lakini kicheko hakikutusogelea.

"Hii shamba haiuzwi," akasema yule mama wa jembe. "Mwambie aliyekutuma. Haiuzwi na haipimwi."

Nikasema tumetumwa na Nabwire wa Sikuda. Hilo lilikuwa kosa. Jina jipya likapita kwenye umati kama moto: kumbe mnunuzi ni mwanamke wa Sikuda, ana hela, amenunua hadi barabarani. Nikajaribu kueleza habari za muhogo, ikawa mbaya zaidi.

Barasa ndiye aliyetuokoa, na namsifu, ingawa bado anajisifu kwa hili zaidi ya inavyofaa. Alifungua begi, akatoa kisahani, akakirusha kwenye nafasi kati ya mikalitusi. Mama wa jembe akashusha jembe.

"Aaa!" akasema. "Nyinyi ni wale wajinga wa sahani!"

Hasira ikaisha hapo hapo. Wale wajinga wanafahamika; hata mtoto wa dada yake ni mmoja wao, huchezea Kirewa. Mwenyekiti akasema lazima na yeye ajaribu, kwa ajili ya usalama wa kijiji. Alivua koti. Akarusha. Kisahani kilitoka nyuma yake, kikapita karibu na sikio la mzee wa panga, kikatumbukia kwenye maji ya mpunga.

"Hiyo ilikuwa ya kupima upepo," mwenyekiti akasema. "Lete ingine."

Alirusha mpaka jioni. Wote walirusha. Nilipomuuliza yule mama ni kwa nini mpwa wake hucheza huko Kirewa na si hapa hata vikapu vinapokuwepo, aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yanateremka. "Hapa yeye nacheza tu," alisema. "Kule nakwenda kwa watu."

Kirewa, naingia kama kuku

Uwanja wa Kirewa nitausema vibaya kwanza ili nisije nikaonekana nimehongwa chakula. Ni mbaya. Vikapu vingine vimeinama. Njia zinapita kwenye vichaka vya miiba, zinakata barabara ya ng'ombe, zinazunguka boma la mtu, zinaingia mtamani na kutokea upande wa pili. Vikapu havina namba, vina majina ya wenye nyumba. Unaambiwa, "Sasa tunakwenda kwa Mama Athieno," na kikapu cha Mama Athieno huwezi kukiona, kiko nyuma ya jiko lake.

Nilirusha. Kisahani changu kikapanda vizuri, kisha kikafanya kile ambacho visahani vyangu hufanya. Kikatua uani kwake, pembeni ya nafaka ya wimbi iliyoanikwa kwenye mkeka.

Sasa mimi nimelelewa. Najua mtu hasumbuliwi kwake kwa mambo ya mchezo. Nikapita nyuma, nikainama chini ya kamba ya nguo, nikachomoa kisahani kwa vidole viwili bila kugusa hata punje moja, nikarudi nilikotoka kinyumenyume. Nilijiona mtu mwenye adabu sana.

"Wewe!"

Mama Athieno alikuwa mlangoni, ana mwiko mkononi.

"Umeingia kwangu kama kuku?"

Nyuma yangu mmoja wa wachezaji wa Kirewa niliokuwa nao kundi moja akaanza kukohoa kwa kicheko.

"Samahani mama, sikutaka kukusumbua."

"Kuku ndiye hataki kusumbua. Anapita nyuma, anachukua, anakwenda. Hasalimii mtu." Akaonyesha kwa mwiko. "Nyara, binti yangu, rudisha hiyo kitu ulipoitoa. Zunguka. Ingia kwa mlango."

Nikarudisha. Nikazunguka. Nikabisha hodi mbele kama binadamu, nikasalimia, nikaulizwa natoka kwa nani, mama yangu ni wa wapi, mazao yameshikaje Busia. Nilipomaliza kujibu, tayari kulikuwa na maji ya kunawa. Wachezaji wote waliokuwa kundi letu walikuwa wameshaketi bila kuambiwa, na mmoja alitoa mche wa sabuni mfukoni akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Tukala ugali wa wimbi na magira, zile kunde za kupondwa ambazo zikipikwa na mtu anayejua unasahau jina lako. Barasa alikula mpaka akaanza kuniita mama.

Hapo ndipo nikagundua mambo ya upepo wa Kirewa. Kundi lililokuwa nyuma yetu lilifika. Vijana watatu, wote hodari, niliwaona asubuhi wakilenga hawakosi. Wa kwanza akarusha, kikaanguka uani. Wa pili, uani. Wa tatu alikaribia kutumbukiza kikapuni, wenzake wakamzomea, "Wewe! Unataka tulale njaa?"

"Upepo," wakamwambia Mama Athieno wakiingia kwa mlango.

"Upepo wa saa ya chakula," akasema, akaongeza unga kwenye maji.

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta. Nikamuuliza kama hachoki na watu hawa. "Watoto wangu wote wako Kampala," akasema. "Hii sahani ikianguka, mimi najua leo kuna mtu."

Kwa haki niandike na hili: mchezaji mmoja aliniambia hapendi, mzunguko unachukua siku nzima na hujui kama umekuja kushindana au kuposa. Ni kweli kabisa. Lakini nilimwona akiomba ukoko.

Kurudi Sikuda, mvua imetutangulia

Mvua kubwa ilishuka tukiwa tumelala Kirewa, na asubuhi barabara ilikuwa uji. Tulisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda. Nilipoona Sikuda imelowa mpaka nyasi zimelala, nilijua. Tulipofika, Ouma alikuwa uwanjani na ng'ombe wake wa plau, amekwisha kugeuza ukanda mmoja karibu na kikapu cha kwanza. Nabwire alikuwa amesimama kando, kitenge amejifunga kifuani.

"Umechelewa," akaniambia. Hakunilaumu. Alinijulisha tu.

Nilifungua mdomo nieleze. Mwamba, minyororo, magira, vyote vikaja pamoja, havikutoka. Nikageuka, na macho yangu yakaangukia ile nyumba ya Ouma nyuma ya ua wa miiba. Ule ua tuliuotesha sisi, ili visahani visimsumbue. Tulikuwa tunajisifu: Sikuda hatujawahi kumsumbua mtu. Kisahani kikipita ua, tuna fimbo ndefu yenye ndoano, tunakivuta.

Sikwenda kwa Ouma pale shambani. Nilirudi barabarani, nikazunguka ua wote na matope yangu, nikafika kwenye lango lake.

"Hodi!"

"Nani?" akaita kutoka kwenye plau.

"Mgeni!"

"Mgeni gani, si nakuona unapita hapo?"

"Leo sipiti. Leo nimekuja."

Mnajua kwetu. Mtu akipiga hodi langoni kwako, huwezi kumwacha amesimama, hata kama umemkasirikia, hata kama umeshika plau. Nilimwona akisita. Kisha akamwambia Barasa, "Wewe, shika hapa," akaja.

Alinitolea kiti, akakifuta mara mbili. Tukasalimiana, nyumbani, watoto, safari. Halafu akageuka akautazama ua. Nilifikiri nimeharibu.

"Sahani zenu zinapita juu ya nyumba yangu kama ndege," akasema mwisho. "Lakini ndege hutua. Zenu zikianguka mnazivuta kwa fimbo. Mimi nakaa hapa na chai yangu, naona fimbo inaingia kwa ua, inatafuta, inatoka. Ndugu yangu alikuwa anakuja hapa kila siku. Alipokufa, nikaletewa fimbo."

Nikamwambia tu kwamba tulidhani ni adabu.

"Na muhogo unajua ni wa nini?" akasema. "Mtu hawezi kupita ndani ya muhogo wa mwenzake bila kusema naye. Ndiyo maana nalima."

Wakati huo kelele zikatoka shambani. Barasa hajui ng'ombe. Aliwaambia "twende", na wakaenda. Walikuwa wanamkokota katikati ya uwanja, plau imeshika ardhi, mtaro unapinda kulia, unapinda kushoto, na yeye anapiga kelele kwa Kiswahili cha Nairobi, "Oya, wazito, tulieni! Breki iko wapi?" Nabwire alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Ni mara ya kwanza tangu msiba nimwone akicheka mpaka anakaa chini.

Ouma aliutazama ule mtaro kwa muda. "Hakuna mtu amewahi kulima hivyo," akasema. Kisha akanyanyuka.

Muhogo amepanda, nataka mjue. Hakuuacha, na hakupaswa. Lakini aliuacha mtaro wa Barasa uwe njia: muhogo huku, muhogo huku, na katikati wachezaji wanapita wakipinda kama ulivyopinda. Kisahani kikiangukia kwenye muhogo, huingii mwenyewe, unamwita Ouma. Ua umekatwa nafasi ya mlango. Kikapu cha mwisho alikisimika yeye mwenyewe hatua chache kutoka kizingiti chake, baada ya kukihamisha asubuhi nzima na kutugombeza. Nabwire alipoteza nusu ya nyasi zake alizofyeka kwa mkono wake, na alilia kidogo, naandika hilo pia kwa sababu ni haki yake. Halafu akaenda kutafuta sufuria kubwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na bibi harusi wa kusuka, nikafika Sikuda mchana umekwenda. Uani kwa Ouma viti vilikuwa vimekwisha. Watu wa Mwello walikuwepo, watu wa Busia, na vijana wengine wanataka kuonyeshwa kisahani chao kilipoangukia. Ouma mwenyewe alikuwa amekalia ndoo. Akaniita kando, uso ameukunja.

"Dada," akasema, "hawa watu wako hawataki kwenda nyumbani."

Alilalamika kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba asisikilizwe.